Magadi ya Juu

Waya wenye njaa una ladha ya chumvi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa nilipojiunga na kikosi cha njia ya umeme ya Eyasi, na nililifundishwa kwa ulimi. Unapanda mnara, unanyoosha ufito wa kulishia mpaka kijiko kilichofungwa kwenye ncha kiguse waya, unamimina lishe ya sukari taratibu, kisha unakirudisha kijiko na kukilamba. Ukisikia chumvi, ujue utando unaoufunika umelala na waya uko uchi. Ukisikia utamu wa lishe tu, utando uko hai, shuka ukanywe chai.

Kitabu cha Shirika la umeme kinasema tutumie kipimo. Vipimo vilikufa zamani, vikaliwa na vumbi lile lile vilivyoletwa kulipima. Ulimi hauoti kutu, ndivyo tulivyokuwa tukijisifu.

Asubuhi ile Boay Tarmo alilamba kijiko, akatikisa kichwa kuniambia hakina chumvi, halafu akaegemea chuma cha mnara akihema. Tulikuwa kwenye mkono wa chini tu. Boay ni mtu aliyepanda minara tangu mimi nikiwa shuleni, na sijawahi kumwona akitafuta pa kuegemea. Nikamtania kwamba uzee umemkuta angani, bora angeusubiri nyumbani kama wenzake. Hakujibu. Katika kikosi chetu mtu asiyejibu utani ni mgonjwa, kwa hiyo nikamtazama vizuri, nikaona kucha zake zimekuwa nyeupe kama karatasi.

Chini yetu wanawake wa kijiji cha Endasaye walikuwa wameshafika na mifagio na nyungo. Tukilisha, utando hushtuka na kupukutisha magamba, nao walijua siku zetu kuliko wakubwa zetu walivyozijua. Nilimwona wifi yangu Magdalena kati yao, mke wa kaka yangu, tumbo limemtangulia. Alikuwa amekaa chini huku wenzake wakifagia, na Magdalena si mwanamke wa kukaa wenzake wakifanya kazi. Nilishuka nikiwa na wasiwasi ambao sikuweza kuupa jina.

*

Asiyejua bonde letu hudhani adui wa umeme ni radi. Radi hupiga ikaondoka. Adui wetu ni ziwa, ambalo siku hizi ni ziwa kwa jina tu. Miezi mingi ya mwaka ni uwanja mweupe wa magadi, upepo unauchota na kuupaka kila kilichosimama. Alfajiri umande unashuka, vumbi linalowa, na hapo chuma huanza kuliwa.

Waya wa njia kuu ni nyuzi za alumini zilizosokotwa kuzunguka kiini cha chuma, na kiini chenyewe kimepakwa zinki kukilinda. Chumvi ikipenya inaanza na zinki. Zinki ikiisha, alumini na chuma huanza kulana wenyewe, kule ndani ambako jicho halifiki. Alumini inageuka unga mweupe, unga unajaa, waya unavimba kama mguu wenye jipu. Ukiona uvimbe umechelewa. Vibano vinavyoshika waya navyo vinaungana na kutu yake, na vikombe vinavyotenga waya na mnara vinaota ukoko mpaka umeme unapata njia ya kutembea juu yake. Wazee wa kikosi walipaka grisi, wakaosha vikombe, wakabadilisha vibano, na kila kiangazi waya ulikatika mahali wasipopaona.

Na waya ukikatika, mtambo wa kandokando ya ziwa unazima. Mtambo huo ndio unaochuja maji ya chumvi na kuyasukuma mpaka milimani, tangu chemchemi zilipokauka. Wilaya mbili zinakunywa kupitia waya mmoja.

Ndipo ukaletwa utando. Ni kitu hai, chembamba, rangi ya majivu, kilichotengenezwa maabara kiishi juu ya waya kwa kula sukari. Kazi yake ni kukamata: kinakamata chumvi inayokuja na chuma chochote kinachotaka kulegea kuwa kutu, kinavifunga pamoja ndani yake. Kikishiba kinadondosha gamba, jeupe, jepesi, linalovunjika kwa vidole.

Waliotengeneza utando hawakujua jambo moja ambalo mtoto yeyote wa kwetu angewaambia. Kwetu, kitu cheupe kinachopatikana chini na chenye ladha ya magadi ni magadi. Huendi kuuliza. Unatia jikoni. Maharage yanaiva upesi, mlenda unalainika, na wanawake waligundua kwamba haya yanayotoka kwenye minara hayana uchungu kama ya ziwani. Wakayaita magadi ya juu. Sisi wa kikosi tulikula maharage yale mchana baada ya mchana tukiyasifia.

*

Sista Anjelista, muuguzi wa kituo cha afya cha Endasaye, aliniita siku ile ile. Hakunikaribisha kiti. Alinivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akaangalia, akasema na mimi nimo. Akaniambia amegawa vidonge vya kuongeza damu mpaka ameishiwa, amewaambia watu wale maini na mchicha, na kila akipima damu imeshuka. Malaria hakuna, minyoo hakuna. Kijiji cha juu, watu wale wale, chakula kile kile, damu iko sawa. Akataka kujua Endasaye ina kitu gani ambacho wenzao hawana.

Nilimjibu kwa mzaha kwamba Endasaye ina minara. Neno likanitoka na likanirudi.

Nilipofika nyumbani kwa mama nilichukua msumari wenye kutu uliokuwa umepinda ukutani, nikauweka kwenye kikombe cha maji na kutia magadi ya juu, kiasi kile ambacho mama hutia kwenye chungu. Nikaufunika. Kesho yake nilipoutoa msumari ulikuwa mweupe kama umetoka dukani, na maji yamebaki safi. Kutu yote ilikuwa imekamatwa. Nilikaa na msumari ule mkononi nikifikiria maini na mchicha, na vidonge vya Sista, na namna vyote vilivyokuwa vikikutana na kitu hiki tumboni kabla mwili haujapata hata chembe. Tumbo la Magdalena lilikuwa limetimiza miezi saba.

*

Nilipopeleka taarifa kwa Shirika, Mhandisi Mrutu alikuja mwenyewe kutoka makao makuu, na hilo lilinitisha kuliko ambavyo barua ingenitisha. Ni mtu mpole. Aliuangalia msumari wangu muda mrefu, akaurudisha mezani kwa adabu. Hakubisha. Alisema alikuwa na shaka tangu mwaka jana.

Kisha akatoa kwenye begi kipande cha waya kilichokatwa kwenye njia yetu, akanipa kisu. Nilipasua utando nikakuta nyuzi za alumini zimekuwa unga, na kiini cha chuma kimebaki chembamba kama njiti ya ufagio. Niliuliza unashikwa na nini basi, mbona haujakatika.

“Unashikwa na utando,” alisema. “Ulichelewa kufika. Ndani kulikuwa kumeshaliwa, sisi tukafunga bandeji juu ya kidonda. Utando ukilowa lishe unakaza, ukikosa lishe unalegea. Waya hakuna tena, Paskalina. Kuna bandeji.”

Waya mpya umeagizwa, akasema, utafika baada ya miezi minane, pengine kumi. Akaniomba niwape wanawake onyo wasifagie tena, na nilishe kama kawaida. Nikamuuliza kuhusu upepo, maana magamba hayasubiri kufagiwa, yanaingia lamboni, yanatua kwenye vitunguu na kwenye mapaa. Akaniambia kwao Upareni dada yake alikufa akifuata maji bondeni miaka ya ukame, na kwamba yeye kila akitia sahihi karatasi ya njia hii anamwona. Kijiji kimoja kinapungukiwa damu. Wilaya mbili zitakosa maji. Aliyasema bila kujitetea. Nilimchukia kwa sababu sikuona alipokosea.

*

Onyo nililitoa mbele ya kanisa. Wengi walisikia, wakamwaga walichokuwa nacho. Wachache walisema Shirika limeona magadi yana soko, linataka kufagia lenyewe. Kikosi tuliacha kulamba kijiko. Wiki zikapita, Sista akapima tena. Damu ya Boay ilipanda kidogo, kwa kuwa yeye kwake ni milimani. Ya watu wa Endasaye haikupanda. Ya Magdalena ilishuka.

Nilimfuata shambani. Alikuwa amekaa kwenye tuta, anang'oa vitunguu vilivyo karibu na mkono wake tu, kisha anajisogeza. Nilimweleza nilichokuwa nimekiamua: minara iliyo juu ya Endasaye nitaacha kuilisha. Utando utakufa, magamba yatakoma, mvua ya kwanza itasafisha. Waya utakatika, ndiyo, na acha ukatike.

Magdalena alifuta mikono kwenye kanga.

“Na pampu ya shamba inaendeshwa na nini, wifi? Na hii mimba nitaifikisha kwa Sista akiwa na taa au akiwa na kibatari?”

Nikamwambia taa haitamsaidia mtu asiye na damu.

“Wewe unanihesabia damu,” alisema. “Mhandisi wako anawahesabia watu wa milimani maji. Hakuna aliyeniuliza mimi ninachotaka kufa nacho.” Hakusema kwa hasira. Alirudi kwenye vitunguu vyake, na mimi nikabaki nimesimama kama mwenye kudai.

Sikumsikiliza. Naandika hivi bila kujipendekeza: nilimpenda kiasi cha kutomsikiliza. Siku ya kulisha iliyofuata nilipanda mnara wa Endasaye na ndoo ya lishe, nikakaa juu kwa muda unaotosha kumdanganya anayetazama kutoka mbali, nikashuka na ndoo imejaa. Boay aliitazama ndoo, akanitazama mimi. Akaichukua, akaimwaga nyuma ya kichaka, sisimizi wakaanza kujikusanya.

Magamba yakapungua. Yakakoma. Wiki ya tatu mapaa ya Endasaye yalionekana mekundu tena, rangi yake ya zamani ya kutu, na watu walifurahi bila kujua wanafurahia nini. Mimi nilitazama juu. Waya kati ya mnara na mnara ulikuwa unashuka, kila siku kidogo, kama tumbo la punda mzee. Asubuhi zenye umande ulichachatika kwenye vibano. Niliomba mvua iwahi kuliko waya.

*

Magdalena alishikwa na uchungu kabla ya wakati, mchana, jua likiwa kali na upepo wa ziwani umeanza. Nilipofika kituoni Sista alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Mtoto amelala vibaya, alisema, lazima apasuliwe, daktari yuko kwenye skrini kutoka hospitali ya wilaya na mikono ya chuma imeshawashwa, ile mashine inayoshona yenyewe mtu akiiongoza kwa mbali. Damu ya kumwongezea ipo kwenye jokofu, chupa zilizobaki. Mashine, skrini, jokofu, taa, vyote kwenye waya ule. Sola za kituo zilikufa kwa vumbi miaka mingi nyuma.

Taa ikafifia wakati akiniambia. Ikarudi. Mkono mmoja wa mashine ulisimama juu ya Magdalena, ukasita, ukaendelea.

“Paskalina, nini hicho?” Sista aliuliza.

Nilijua ni nini. Nilitoka mbio. Kaka yangu alikuwa amesimama nje na kofia mkononi, akaniuliza kama ni wa kiume au wa kike, nikampita.

Boay alikuwa ameshafika chini ya mnara. Ameuona waya kutoka barabarani, na alikuwa anachanganya lishe kwenye ndoo kwa mkono mzima, sukari guru na maji, anaponda mabonge kwa vidole. Hakuniuliza chochote. Alisema tu kwamba kibano cha upande wa ziwa kimeanza kuteleza, kwa hiyo tuanze na hicho.

Tulipanda. Upepo ulikuwa unatusukuma na kutuvuta. Kule juu niliona nilichofanya: utando ulikuwa umepasuka kama udongo wa lambo kiangazi, na katikati ya nyufa nyuzi za alumini zimefumuka, unga mweupe unapeperuka kutoka ndani ya waya. Karibu na kibano kulikuwa na mahali ambapo sikuona alumini kabisa, kiini tu, na cheche ndogo ya buluu ikicheza juu yake. Upepo mmoja wa nguvu ungetosha.

Nilinyoosha ufito. Ufito ulinilemea, maana damu yangu nayo si nyingi. Boay alinishika kiuno kutoka nyuma akaniambia nitie kidogo kidogo, kitu chenye njaa ya siku nyingi ukikimwagia kinatapika. Nikatia. Lishe ikateleza ikadondoka bure. Nikatia tena, ikadondoka. Mara ya nne haikudondoka. Utando ukawa mweusi pale ilipogusa, weusi ukaenea kufuata waya, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye utambi wa taa. Tuliendelea mpaka ndoo ikaisha, Boay akashuka kuleta nyingine, na nyingine. Waya ulianza kukaza. Niliusikia kabla ya kuuona, sauti ya kamba inayovutwa, na cheche kwenye kibano ikazimika.

Nilikirudisha kijiko. Tulikuwa tumeapa kutokilamba tena. Nilikilamba. Hakikuwa na chumvi hata chembe.

Nililia pale juu, wazi wazi, Boay akatazama upande wa ziwa mpaka nilipomaliza. Kisha utando ukashtuka kama kawaida yake, na magamba yakaanza kupukutika, mengi kuliko niliyowahi kuyaona, maana ulikuwa na chumvi ya wiki zote za njaa. Upepo ukayabeba kuelekea kituoni.

*

Mtoto ni wa kike. Alikuwa mdogo kama kiatu, lakini analia. Magdalena alikuwa amelala na chupa ya pili ya damu ya mtu asiyemjua ikimwingia mkononi, midomo yake imepata rangi ambayo nilikuwa nimeisahau. Alifungua macho akaniona mlangoni nikiwa na sukari guru mpaka kwenye nywele.

“Umelisha,” alisema.

Nikamwambia nimelisha. Alifumba macho. Sikujua kama amenisamehe au amechoka, na sikuwa na haki ya kuuliza. Sista aliniambia taratibu kwamba damu ile itamfaa kwa muda, na kwamba mwenye kunyonyesha anahitaji mara mbili. Halafu alinitazama kana kwamba nilikuwa na dawa mfukoni. Lishe ya Alhamisi ilikuwa inanisubiri, na Alhamisi nyingine baada ya hiyo, miezi minane, pengine kumi.

Nilitoka nje kumtafuta mama. Alikuwa nyuma ya kituo, amewasha mafiga matatu, anampikia mzazi mboga za kulainika na nyama ndani yake. Chungu kilikuwa kinachemka. Nilimwona akifungua fundo la kitenge chake na kutoa kitu cheupe kati ya vidole.

Nilimshika kifundo cha mkono. Hakushtuka, alinionea huruma tu, jinsi nilivyochafuka.

“Haya ni ya zamani, Paska,” alisema. “Niliyaweka tangu mwanzo, kabla hayajaharibika. Kidogo tu, mboga zilainike. Mzazi hana nguvu ya kutafuna.”

Nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja, nikayakung'uta yale magadi mchangani, nikalikung'uta na fundo. Mama aliniacha, huku akisema basi zitakuwa ngumu, shauri yangu. Ndipo nilipoona kitu kimetua kwenye mkono wake, chepesi, cheupe, na kingine kwenye bega lake, na vingine vinashuka kati yetu bila haraka vikielekea kwenye mvuke.

Nikaanza kutafuta kifuniko cha chungu.